Kasha Lisilo na Kifuniko

Karatasi ya Mboni ililowa mara moja tu, lakini tangu siku hiyo aliiota mara nyingi. Katika ndoto maandishi yalibanduka taratibu, moja moja, yakaelea juu ya maji kama dagaa wadogo weusi, kisha yakaogelea kuelekea kilindini. Yeye alisimama katika maji ya magoti akishika kitu cheupe kisicho na neno. Hakuwahi kuyakimbilia. Hata ndotoni alijua kwamba hajui kusoma, na kwamba hata angeyakamata yote asingeweza kuyapanga tena.

Akiamka alipapasa mwanzi uliotundikwa ukutani. Karatasi ilikuwa ndani yake, imekunjwa, ikinuka ukungu. Alirudi kulala.

Aliyempa karatasi hiyo alikuwa Bwana Sefu, mwenye shamba la minazi karibu na Kilwa Kivinje, ambaye alimmiliki Mboni tangu utotoni. Siku moja alimwita barazani akamwambia, "Nimekuacha huru. Hati yako hii, imeandikwa bomani." Mboni aliipokea kwa mikono miwili, akaondoka siku ileile kabla mtu hajabadili neno. Alitembea kusini hadi Kiranjeranje. Huko akaolewa na Bakary mhunzi, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri, na baada ya muda akamzaa Maftaha.

Miaka minane ilipita na hakumpa mtu yeyote aisome. Kijijini alikuwapo mwalimu wa chuo cha Kurani, na wasafiri wenye kujua kusoma walipita. Lakini Mboni aliona kwamba muda wote karatasi ikinyamaza, ilikuwa inasema kile ambacho Bwana Sefu alisema. Ikifunguliwa kinywa, nani anajua. Labda ilisema jambo jingine. Labda ilikuwa hati ya mnazi.

Kisha Bwana Sefu akafa, na mwaka huohuo, mwaka wa vita, ukaja ujumbe kutoka Kivinje. Aliyeuleta alikuwa mfanyabiashara wa nta, naye alisema akiwa bado amesimama, kama mtu asiyependa kukaa na maneno aliyobeba. Abdala, mpwa wa marehemu, ndiye mrithi. Hana ugomvi na Mboni. Anajua aliachwa huru. Ila yeye anasema hati iliandikwa baada ya mtoto kuzaliwa, na mtoto aliyezaliwa na mama asiye huru ni wa shamba. Anamtaka Maftaha. Liwali atasikiliza neno hilo Jumatatu ya pili ya Mfunguo Mosi. Kama Mboni ana hati yenye tarehe, aje nayo.

Maftaha alikuwa na miaka sita. Wakati huo alikuwa uani, anamfundisha kuku kuhesabu.

"Tutaenda," Bakary alisema mgeni alipoondoka.

"Mvua zimeanza."

"Tutaenda na mvua."

Mboni aliutazama mwanzi ukutani. Kati ya Kiranjeranje na Kivinje kulikuwa na vijito, mabwawa, na mto Mavuji, ambao wakati wa vuli humfika mtu kifuani. Mwanzi ndio ulioingiza maji mara ile, walipokuwa wanahama nyumba tu, mwendo wa kutoka kisimani hadi msikitini.

*

Mhindi mwenye duka alikuwa anafunga mizigo. Watu wa bara walikuwa wamekunywa dawa ya maji, ile waliyoambiwa kwamba itageuza risasi kuwa matone, na moshi ulionekana kila upande wa vilima. Hakutaka kubaki kuona nani atageuka nini. Bakary alikwenda kumsaidia kubeba, akarudi na vipande viwili vya bati vilivyokuwa bitana ya ndani ya kasha la vitambaa.

Havikuwa bati alilolizoea. Vilikuwa na rangi ya kijivu iliyoingia samawati, kama anga kabla mvua haijaamua. Ukivishika vilikuwa baridi zaidi kuliko inavyostahili.

"Anaiita zinki," Bakary alisema. "Huko Ulaya wanaichanganya na madini ya risasi kidogo, halafu wanaipitisha kati ya magogo mawili ya chuma, kama muwa unavyokamuliwa. Inatoka imelala hivi. Wanaitia ndani ya makasha ili bahari isiguse vitambaa. Sasa fikiria, Mama Maftaha. Kitu kinachoizuia bahari, Mavuji ni nini kwake?"

Alitaka kutengeneza kasha dogo, bapa, la ukubwa wa msahafu, lisilo na mlango wala kifuniko. Karatasi iingie, pindo lifungwe, basi.

Alijaribu kukunja ukingo wa kipande cha kwanza ukiwa baridi. Ukalia mlio mwembamba, ukapasuka.

"Linataka moto," alisema, na hapo alikuwa na uhakika kama mtu anayezungumza habari za mama yake. Maisha yake yote alikuwa amefua majembe, visu, na bangili za shaba, na kitu kigumu kikimkatalia alijua cha kukifanyia: kukitia makaani mpaka kiwe chekundu. Alikunja nguo kiunoni, akakaa kwenye mivukuto.

Mboni na Maftaha walisimama mlangoni mwa kiwanda kutazama.

"Bado," Bakary alisema. "Subirini liwe jekundu kama jicho la mlevi."

Halikuwa jekundu. Walisubiri, mivukuto ikapumua, na bati likabaki na rangi yake ileile. Bakary akaongeza mkaa. Alipoligusa kwa koleo kona moja ikamong'onyoka kama mkate uliochacha. Alishangaa, akavuta upepo zaidi, kwa kuwa hakujua jibu jingine. Ghafla bati lililegea katikati, likadondoka matone yanayong'aa, na makaani ukawaka mwali wa samawati na kijani ambao hakuna aliyewahi kuuona katika kiwanda hicho.

Kisha ikaja sufi. Hawakupata neno jingine la kuiita. Nyuzi nyeupe, nyepesi, zilipanda kutoka motoni, zikaelea chini ya makuti, zikashuka polepole juu ya fuawe, juu ya mabega ya Bakary, juu ya nywele za mtoto. Kiwanda cheusi cha masizi kikawa cheupe. Mboni alisahau kidogo kwamba walikuwa wanapoteza kitu. Alifikiri, labda hivi ndivyo karatasi inavyokufa, inageuka kitu kizuri kisichoshikika.

"Baba, umepasua mto wa kulalia," Maftaha alisema akinyoosha mkono.

Hapo ndipo Mboni alipozinduka, akamvuta mtoto nje.

Bakary alibaki ndani, anachokora makaa kwa kijiti, akivuta moshi ule mweupe huku akitafuta bati lake. Alasiri alisema maji yana utamu mbaya mdomoni. Kabla ya magharibi alikuwa amelala chini ya mikeka miwili, meno yakigongana, anatetemeka kama mwenye homa ya masika.

"Kimebaki kipande kimoja," alisema. "Nimemchoma mwanangu, Mboni. Nimemchoma nusu yake."

"Lala."

"Zimebaki siku kumi na moja."

"Nimezihesabu. Lala."

*

Asubuhi Mboni aliokota vipande vidogo vilivyobaki sakafuni, vile ambavyo Bakary alikuwa amevikata kwa mkasi kusawazisha kingo. Akavipeleka jikoni. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kuvishika, kama mtu anavyomshika mkono mgonjwa asiyezungumza.

Alikipinda kimoja, kikavunjika kama kashata.

Kikaango kilikuwa jikoni, maana kila asubuhi aliuza vitumbua njiani, na hata siku hiyo watu wangekuja kuvitaka. Alidondoshea kikaango tone la maji kwa ncha ya kidole, kama alivyozoea. Tone lilikaa kimya. Baridi bado. Baadaye kidogo akadondosha jingine, likachemka, likafa papo hapo kwa sauti ya kunong'ona. Huo ndio moto wa kitumbua. Ukiuacha upande zaidi, tone halifi. Linaviringika juu ya kikaango kama shanga, linakimbiakimbia, na kitumbua ukikiweka hapo kinaungua nje na ndani ni uji.

Aliweka kipande cha bati juu ya kikaango, kwenye moto wa kunong'ona. Akasubiri kiasi cha kumimina vitumbua vitatu. Kisha akakishika kwa kitambaa na kukipinda.

Kilipindika. Kilipindika kimya, kwa upole, kama ukindu uliolowekwa, na kikakaa jinsi alivyokipinda bila kurudi. Mboni alikaa akikitazama mpaka kikapoa. Akajaribu kukifungua kikiwa baridi, kikavunjika palepale kwenye kunyanzi.

Akachukua kingine. Hiki alikiacha mpaka tone likaviringika. Alipokigusa kikapasuka kama kile kilichokuwa baridi. Kwa hiyo zinki ilikuwa na hodi yake. Ukija mapema haifungui, na ukichelewa haifungui.

Kipande cha nne alikipasha vizuri kabisa, lakini bado kikafanya ufa. Hapo ndipo alipoona mistari. Ilikuwa myembamba sana, imelala upande mmoja, kama michirizi ya mchanga baada ya maji kupwa. Alikumbuka yale magogo mawili ya chuma na muwa. Bati lilikuwa na urefu wake na upana wake, kama mbao, kama nguo. Pindo lililofuata mistari lilipasuka. Lililoikata mistari lilikaa salama. Na pale ambapo hapana budi kufuata mistari, usikunje pembe kali. Zungusha kwanza juu ya kijiti, ulipashe tena, ulizungushe tena.

"Unafanya nini huko?" Bakary aliita kutoka chumbani.

"Napika."

"Unapika nini? Sisikii harufu."

"Bati lako."

Kisha mikeka ikasikika inasogezwa. "Mama Maftaha, hicho si kitumbua."

"Lakini kinapenda moto wa kitumbua."

Alikuja mlangoni amejifunga shuka mpaka kichwani, mdomo umekauka. Mboni alimpa kipande kilichopindika. Alikigeuza, akapitisha ukucha juu ya kunyanzi, akakiweka sikioni kana kwamba kingemwambia nani kakitengeneza.

"Miaka ishirini mimi ni mhunzi," alisema.

"Ndiyo."

"Na bati hili linaniona mjinga, linakwenda kuongea na mpika vitumbua."

"Ulilipigia kelele," Mboni alisema. "Lenyewe linaona haya."

Bakary alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikamrudisha mkekani. Lakini kesho yake homa ilikuwa imeondoka kama ilivyokuja, na kipande cha mwisho walikifanya pamoja. Aliacha nyundo ya chuma, akachonga nyundo ya mpera. Mboni alidondosha matone na kusema "sasa." Bakary alipinda. Alimwonyesha jinsi ya kufanya pindo lishike pindo, kama watu wawili wanaoshikana kwa vidole, kisha vidole vyote vilazwe. Kila walipomaliza ukingo mmoja walipumzika, na kasha lilipoa juu ya fuawe likitoa vilio vidogo visivyo na huzuni.

Ilipobaki ukingo mmoja, Mboni alileta karatasi iliyofungwa kwa kitambaa cheupe.

"Mwalimu yuko chuoni," Bakary alisema bila kumtazama. "Ni hatua mbili. Tungejua tunakwenda na nini."

Mboni aliitia karatasi ndani. Kasha lilikuwa na upana wa kutosha, ikalala bila kukunjwa.

"Itasomwa huko," alisema.

"Na kama huko..."

"Baba Maftaha. Tone limekufa. Pinda."

Akapinda, kwa chuma cha moto kilichogusa ukingo peke yake. Mianya yote waliipaka nta iliyoyeyushwa na unga wa utomvu wa sandarusi. Walilizamisha kasha katika mtungi wa maji tangu adhuhuri hadi alasiri, na hakuna hata povu moja lililopanda.

*

Walitembea siku mbili katika mvua iliyokuja na kuondoka bila salamu. Mboni alibeba kasha mgongoni, chini ya kanga, mahali alipombeba Maftaha alipokuwa mchanga. Lilimgonga taratibu kila hatua. Kwanza lilikuwa baridi, kisha likachukua joto lake, na baada ya hapo hakujua tena linapoishia.

Walivuka vijito vitano. Katika kijiji kimoja milango yote ilikuwa wazi na hakukuwa na mtu. Chungu kilikaa juu ya mafiga, kimejaa maji ya mvua, na ndani yake anga. Maftaha alitaka kuita hodi. Bakary alimbeba wakapita upesi. Katika kijiji kingine ghala lilikuwa bado linafuka, na mtama ulioungua ulinuka vizuri, kama jikoni, jambo lililomfanya Mboni aone aibu kwa kuhisi njaa.

Siku ya tatu, jua likiwa limepanda, walifika Mavuji. Kwenye kivuko upande wao kulikuwa na kambi ndogo ya askari wa serikali. Waliokuwa wanavuka walipangwa mstari, na kila chombo chenye maji kilimwagwa: vibuyu, mitungi, chupa, hata kata ya mzee mmoja aliyekuwa anakunywa. Walikuwa wanatafuta dawa. Ardhi mbele ya askari ilikuwa tope tupu kwa maji ya watu, na nyuma yao mto ulipita, mpana, wa rangi ya chai, hakuna aliyeukagua.

Shaushi, mkubwa wa askari wale, alikuwa mtu mnene mwenye uso uliochoka. Aligonga kasha kwa kidole.

"Hiki nini?"

"Kasha, bwana," Bakary alisema.

"Kifuniko kiko wapi?"

"Halina."

"Kasha lisilo na kifuniko unatiaje kitu ndani?"

"Unatia kwanza, halafu unalimalizia."

Askari mmoja alicheka. "Kama yai, shaushi."

"Ndani kuna nini?"

"Karatasi."

Shaushi alilitikisa karibu na sikio. Kasha halikusema neno. "Dawa nayo hainong'oni," alisema. Alililaza juu ya gogo, akaomba singe ya bunduki, akaielekeza ncha yake katikati ya bati.

Bati lilikuwa baridi. Lingepasuka kama kashata, na chuma kingepita moja kwa moja katika maandishi.

Mboni aliweka mkono wake juu ya kasha, chini ya singe. Hakukumbuka kuamua.

"Nitalifungua mwenyewe, bwana shaushi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi shaushi ainame kumsikia. "Naomba moto wa kupikia. Bila moto litavunjika na karatasi itachanika. Ukiona tone moja la maji ndani, nifanye utakavyo."

"Toa mkono."

"Mpe moto," mwanamke mmoja alisema.

Alikuwa ameketi chini ya turubai, anakaanga mkate wa mtama. Baadaye Mboni alijua kwamba anaitwa Kudra, ni mke wa shaushi, na amemfuata kambi hadi kambi na kikaango chake tangu Tanga. "Kama ni dawa itachemka, sote tutaiona. Wewe ukishika singe unachoma kila kitu. Hata papai juzi ulilichoma kwa singe."

Askari walitazama chini ili wasicheke. Shaushi alirudisha singe polepole, kama mtu aliyekuwa anataka kufanya hivyo tangu mwanzo.

Mboni alipiga magoti karibu na mafiga. Kudra aliondoa mkate wake. Wote wawili, kwa wakati mmoja, walichovya kidole katika kata na kudondosha tone, kisha wakatazamana. Tone liliviringika, likakimbia.

"Moto mwingi," Kudra alisema.

"Tutoe kuni moja."

"Tutoe mbili. Hawa wakikusanya kuni utadhani wanachoma msitu."

Walisubiri. Bakary alimshika Maftaha mbele yake kwa mikono miwili. Kudra alidondosha tena, na tone likafa kwa kunong'ona, na wanawake wote wawili wakasema, "Sasa."

Mboni alilaza ukingo wa kasha juu ya kikaango. Nta ilitoka kwanza, ikateremka kwa harufu ya asali. Alingoja kiasi cha vitumbua vitatu, akashika pindo kwa kitambaa, akalifungua kidogo, akalirudisha motoni, akalifungua tena. Lilimsikia. Kwenye kona moja tu, ya kushoto, ulitokea ufa mwembamba kama unywele. Kisha ukingo wote ukainuka kama kope.

Shaushi aliingiza vidole, akatoa kitambaa. Kilikuwa kikavu. Alikinyanyua mbele ya askari wake, akakikunjua, akaitoa karatasi na kuitazama muda mrefu upande usiostahili.

"Karani," aliita.

Hapo Mboni alitaka kusema kwamba yatosha, kwamba maji hamna, arudishiwe karatasi yake. Kijana mwenye kofia nyeupe alikuja akifuta mikono. Yeye alikuwa amesoma shule ya serikali. Aligeuza karatasi, akaisogeza karibu na macho, na Mboni akauona mdomo wake unaanza kujiandaa. Mto, sauti za watu, mvua iliyokuwa inakuja kutoka upande wa bara, vyote vilikwenda mbali, kama anavisikia kutoka ndani ya kasha.

"Boma la Kilwa," karani alisoma. "Ijulikane kwamba Mboni binti Mwahija, aliyekuwa mtumwa wa Sefu, ameachwa huru, naye ni mtu huru tangu leo. Tarehe ishirini mwezi wa tatu, mwaka elfu moja mia nane tisini na saba. Pana muhuri."

Mwahija lilikuwa jina la mama yake. Alikuwa amelitaja mara moja tu katika nyumba ya Bwana Sefu, akiwa mdogo sana, siku aliyoletwa, walipomuuliza ni mtoto wa nani. Hakujua kwamba kuna mtu aliyelisikia.

"Huyu ana umri gani?" Bakary aliuliza. Alimsukuma Maftaha mbele. "Huyu hapa. Ana miaka sita. Ameanza kung'oka meno. Hesabu, bwana karani."

Karani alihesabu kwa vidole. "Basi hati imemtangulia miaka miwili."

Bakary alikaa chini, topeni, katika maji ya vibuyu vya watu wote.

"Soma tena," Mboni alisema.

Karani alimtazama shaushi. Mstari wa watu ulikuwa mrefu.

"Msomee," shaushi alisema.

Akasoma tena. Mara hii Mboni aliyafuata maneno moja moja, akayaweka mahali pake.

Kasha halingeweza kufungwa tena. Kona ilikuwa na ufa, na pindo lililokunjwa mara mbili halina subira ya mara ya tatu. Kudra alilishika, akalitazama kwa jicho la jikoni.

"Hili utalifanyia nini?"

"Chukua, dada. Kwa kuwekea ndizi linatosha."

"Kwa ndizi linazidi."

Waliingia mtoni kabla mvua haijafika. Bakary alimbeba Maftaha mabegani. Mboni alitangulia, akipima kina kwa miguu. Hati ilikuwa katika kitambaa, na kitambaa kilikuwa mikononi mwa Maftaha, juu ya kichwa chake, kwa sababu hakukuwa na mahali palipokuwa juu zaidi kuliko hapo. Katikati ya mto maji yalimfika Bakary kifuani. Akasimama kutafuta mchanga wa kukanyaga.

"Mikono inachoka?" aliuliza.

"Hapana. Naweza kuinua zaidi."

"Hapo panatosha, mwanangu."

"Naweza," alisema, akainua.

*

Jumatatu, barazani Kivinje, liwali aliisoma hati kwa kidole, polepole, maana macho yake yalikuwa ya mtu mzima. Mboni alikaa mkekani, midomo imefumba, na ndani ya kinywa maneno yake yalikuwa yanatangulia kidole. Binti Mwahija. Mtu huru. Ishirini. Mwezi wa tatu. Kidole kilipofika kwenye mwaka, yeye alikuwa ameshafika anakingojea.

Abdala aliomba aione mwenyewe. Alipewa. Aliangalia tarehe, akamwangalia mtoto aliyesinzia kwenye benchi na pengo la meno mbele, akairudisha hati kwa mikono miwili. Akavaa viatu vyake.

Maftaha alizinduliwa na mlio wa viatu vile vikiondoka barazani.

"Nani yule?" aliuliza.

"Mtu mmoja," Bakary alisema. "Alikuwa anataka kujua umezaliwa lini."

"Mmemwambia?"

"Tumemwambia," Mboni alisema, akamfuta usingizi machoni kwa upindo wa kanga.